Mke wa Luanda Magere mnamweka wapi: mbaya, ama shujaa wa kwao?

#1 JakanoHalisi (Ahero)
Wadau jioni njema. Nina kesi hapa nyumbani, mniamulie kabla familia haijagawanyika. Kijana wangu wa gredi ya saba ameletewa homuweki ya Kiswahili, wachague ngano moja ya kwao wachore jedwali, upande huu mhusika mwema, upande ule mhusika mbaya, na sababu. Sisi ni wa Kano kwa hivyo hakufikiria mara mbili, akachukua Luanda Magere. Mwema: Luanda. Mbaya: yule mke aliyetoka kwa Lang'o akatoa siri ya kivuli. Dakika tano amemaliza, anatafuta mpira.

Sasa mamangu alikuwa ameketi hapo anachambua omena. Mamangu ni Mnandi wa upande wa Tinderet, ameolewa huku tangu miaka ya sabini, Kijaluo anakiongea kunishinda. Akamwambia kijana, "Futa hapo." Kijana akauliza kwa nini. "Huyo msichana aliokoa watu wa kwao. Wewe ungezaliwa kwao ungemwandika wapi?" Mke wangu akaingilia kutoka jikoni, eti ukishakula kwa mtu siri yake ni yako, huyo ni nyoka tu. Nikaona sauti zinapanda nikatoka nje kuangalia kuku.

Swali: yule mwanamke mnamweka upande gani? Na hizi hadithi za zamani, zetu na za wazungu, ni nani hukaa chini akaamua fulani mwema fulani mbaya?

#2 IngweDamu (Kakamega)
Wa kwanza hapa. Mbaya ni yule aliyewaambia Wajaluo wanaweza kugeuka jiwe, tangu siku hiyo hatujapumzika.

#3 fundi_wa_simu (Kondele)
Mimi nilikulia Naivasha hii stori naisikia nusu nusu. Mtu aiweke kwa kifupi basi tujue tunabishania nini.

#4 JakanoHalisi
@fundi haya. Luanda alikuwa mtu wa Sidho, huku Kano, mwili wake jiwe, mkuki ukimpiga unapinda mshale unaruka, kwa hivyo kila vita na Wamasai anawamaliza peke yake. Wakachoka wakamletea msichana mrembo aolewe, kama amani hivi, kumbe ametumwa. Wazee wakamwonya hakusikia. Siku moja akaugua, akamwambia yule mke amchanje amtie dawa, wembe haukati. Mwishowe akamwambia usichanje mwili chanja kivuli changu. Akachanja kivuli kikatoa damu. Usiku mke akatoroka akaenda kwao akasema. Vita iliyofuata mtu akadunga kivuli na Luanda akaanguka, akawa jiwe, na hilo jiwe liko mpaka leo kando ya mto Nyando.

#5 BintiTinderet
Wamasai wametoka wapi tena? Ni Lang'o, na Lang'o kwa Wajaluo ni sisi, Wanandi na ndugu zetu Wakipsigis. Wewe mwenyewe umeandika Lang'o hapo juu halafu ukatuuza Narok.

#6 JakanoHalisi
Pole dada. Nilikuwa naandika na simu huku mama ananiangalia.

#7 Ticha_Chavakali
Hamjambo. Nafundisha Kiswahili na Kiingereza miaka kumi na saba sasa, na homuweki kama hiyo nimeitoa mara nyingi tu, nakubali makosa. Ukimwambia mtoto achore nguzo mbili atajaza nguzo mbili, hata kama mtu wa tatu hana pa kuingia.

Lakini niwape mfano wa kulinganisha. Fumo Liyongo wa Pwani mnamjua. Hauawi na silaha yoyote ila sindano ya shaba ikidungwa kitovuni. Sultani wa Pate anamtafuta, anashindwa, sasa nani anatumwa? Si mke wa kutoka mbali, ni mwanawe wa kumzaa. Anaahidiwa cheo na binti wa mfalme. Mtoto anamuuliza baba siri, na baba anajua kabisa ametumwa, na bado anamwambia! Akamdunga amelala. Liyongo akaamka akachukua uta wake akaenda hadi kisimani, akapiga goti mshale ukiwa kwenye uta, akafia hapo hapo hivyo hivyo. Watu siku nzima wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai, mpaka mamake akatumwa akambembeleze. Utenzi wake Muhammad Kijumwa wa Lamu aliuandika 1913.

Sasa huyo mtoto hakuna mtu hata mmoja anamtetea. Damu yake mwenyewe. Mke wa Luanda angalau ana kwao.

#8 IngweDamu
Kwa hivyo mmoja kivuli mwingine kitovu. Hawa mashujaa si wangefunga midomo tu.

#9 Mama_Tumaini (Lanet)
@Ticha hiyo ya kisimani umenikumbusha Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, sisi ilikuwa setibuku. Gege anamuua kakake Mwelusi kisimani kwa sababu Mtemi Bokono amemwahidi Alida. Mwalimu wetu alituambia hiyo ni Liyongo imevaa suti. Darasa letu lilimchukia Gege mpaka kijana mmoja aliyeigiza Gege siku ya tamasha akabaki na hilo jina, leo ana watoto watatu na watu wa kwao bado wanamwita Gege.

#10 MchungajiKijana (Njoro)
Bwana asifiwe. Hii ni Samsoni na Delila moja kwa moja. Delila alichukua vipande 30 vya fedha akamuuza mtu aliyempenda. Biblia imeshaamua, mbaya ni mbaya.

#11 Ticha_Chavakali
Mchungaji pole pole. 30 ni Yuda. Delila kila mkuu wa Wafilisti alimwahidi 1,100, Waamuzi 16 mstari wa 5, hebu fungua.

#12 MchungajiKijana
Nimefungua. Ni kweli 1,100. Nisameheni, nimehubiri leo mara tatu kichwa kimechoka.

#13 BintiTinderet
Na ukiwa hapo kwa Waamuzi, usifunge. Rudi sura ya 4. Kuna mwanamke anaitwa Yaeli, mkewe Heberi Mkeni. Sisera jemadari amepigwa vitani anakimbia kwa miguu, Yaeli anatoka nje anamwambia karibu bwana wangu usiogope. Jamaa anaomba maji, anapewa maziwa. Anafunikwa blanketi. Analala. Yaeli anachukua kigingi cha hema na nyundo anampigilia kwenye panja mpaka kinaingia ardhini. Na Biblia yenyewe imesema kati ya Yabini, bosi wa Sisera, na nyumba ya Heberi kulikuwa na amani. Yaani huyu Sisera alikuwa mgeni.

Sura ya 5 Debora anaimba wimbo, Yaeli abarikiwe kuliko wanawake. Abarikiwe! Kitabu kimoja, wanawake wawili, wote wamemaliza mwanamume aliyelala, mmoja kanisani ni tusi mwingine ni mtakatifu. Tofauti ni nini kama si nani alikuwa anaimba? Luanda angekuwa amesimuliwa upande wa Kapsabet yule msichana angekuwa na wimbo wake.

#14 fundi_wa_simu
wueh

#15 IngweDamu
Hapo mchungaji amekaa kimya, anatafuta chaja.

#16 MchungajiKijana
Niko, sijatoroka. Yaeli alitumiwa na Mungu, Delila alitumiwa na pesa. Nia ndiyo tofauti. Mke wa Luanda hatujaambiwa alilipwa, kwa hivyo labda yuko katikati. Lakini dada umeniletea kazi, hiyo sura ya 4 nimeihubiri mara nyingi na sijawahi kuitazama kutoka upande wa hema.

#17 NyarGwassi (Mbita)
Mimi sikubaliani na hii ya nani anasimulia. Mnaifanya iwe kama mpira, kila mtu na timu yake. Shida yangu na yule mwanamke si kuhamia kwao, ni ile siku. Mtu ni mgonjwa. Amekuomba umchanje umtie dawa. Hajakupa siri sababu ya mapenzi wala pombe, amekupa kwa sababu anaumwa na wewe ndiye uko karibu. Ukitumia hiyo nafasi, hata ukiwa shujaa wa nani, kuna kitu umevunja ambacho si cha kabila. Mimi ni nesi, wagonjwa hunieleza vitu hawajaeleza wake zao.

Halafu kwetu Gwassi tuna Nyamgondho. Maskini wa Mungu, ametupa nyavu ziwani akavua mwanamke, mwanamke akamletea ng'ombe mpaka hajui hesabu. Akatajirika akaanza kulewa, usiku anarudi anamtukana, "wewe niliyekuokota majini". Mwanamke hakutoa siri, hakuua, aliinuka tu akarudi ziwani, na ng'ombe wote wakamfuata. Nyayo zao ziko kwenye miamba njooni muone. Mbaya wa hiyo hadithi anajulikana na hahitaji Lang'o.

#18 Mzee_Section58 (Nakuru)
Watoto wa leo mnaongea vizuri. Mimi nitawapa kisa cha mtu mbaya aliyenisaidia.

Mnajua huku Kenya mkopeshaji wa mtaani tunamwita shailoki. Wengi hawajui hilo neno limetoka kwa mtu wa tamthilia, yule Myahudi wa Shakespeare aliyetaka ratili ya nyama. 2019 mamangu alilazwa, hospitali siitaji, wakasema deposti kwanza. Nilipigia ndugu zangu saba. Mmoja simu imezimwa, mmoja yuko mkutanoni saa tano usiku, mmoja akanitumia mstari wa Biblia. Nikaenda kwa shailoki mmoja hapo mjini, akanipa elfu ishirini kwa dakika kumi, nikaacha logibuku ya pikipiki. Asilimia thelathini kwa mwezi. Nililipa mpaka nikalia, na pikipiki karibu iende. Lakini mamangu alitoka hai. Sasa niambieni, kwenye jedwali la huyo mtoto, ndugu yangu wa mstari wa Biblia anaingia wapi na shailoki wangu anaingia wapi?

#19 SafariNjema (Mwanza)
Wakuu salaam kutoka ng'ambo ya ziwa. Mzee shikamoo, kisa chako kimenigusa ila nirekebishe jambo moja. Shylock kwenye mkopo ule hakutoza riba. Dukati 3,000, miezi mitatu, bila riba, dhamana ndiyo ratili ya nyama. Na Antonio aliyekuja kukopa ndiye huyo huyo aliyekuwa akimtemea mate ndevuni na kumwita mbwa, na alipomwambia hivyo Antonio akajibu naweza kukutemea tena. Mwishoni anaporwa mali na kulazimishwa abadili dini, na wote jukwaani wanaona haki imetendeka.

Mwalimu Nyerere aliitafsiri 1969 akaiita Mabepari wa Venisi. Bepari kwa Kiswahili cha zamani ni mfanyabiashara tu, lakini 1969 ni miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, kwa hiyo ukisikia bepari unasikia jambo jingine kabisa. Na jina liko kwenye wingi. Hakusema bepari ni yule mmoja.

#20 IngweDamu
Mtanzania ameingia sasa tutaanza kuandika na kamusi. "Nirekebishe jambo moja." Karibu mkuu 😂

#21 Mzee_Section58
Marahaba kijana. Basi Shylock wa kitabu alikuwa na utu kuliko wangu. Wangu angetoza na hiyo nyama riba.

#22 Wakili_mtaani (Bungoma)
Ngoja niwaharibie jioni. Mnatafuta mtu mbaya na mtu mwema, mimi nawaletea mtu mwema kabisa ambaye ndiye balaa. Javert, yule polisi wa Victor Hugo, kitabu cha 1862. Hali rushwa. Halewi. Hasemi uongo. Anafuata sheria neno kwa neno, na anamwinda Jean Valjean maisha yake yote, mtu aliyefungwa kwa kuiba mkate, miaka mitano ikawa 19 kwa sababu ya kujaribu kutoroka. Siku Valjean anapata nafasi ya kumuua Javert anamwachilia. Na Javert anashindwa kuishi na hilo, anajitupa mtoni. Kwa sababu kwenye kichwa chake kulikuwa na nguzo mbili tu kama za ile homuweki na mwizi ameruka akaingia nguzo ya wema.

Nimefanya kazi kortini miaka mingi, wala rushwa ni wengi, lakini wanaonitisha sana ni akina Javert.

#23 Mama_Tumaini
@Wakili lakini si tusijifanye hakuna ubaya kabisa. Kuna watu wabaya tu. Iago, kwenye Othello ya Shakespeare. Anamharibia Othello ndoa kwa hanchifu moja, mpaka mtu anamnyonga mke asiye na hatia, na akiulizwa mwisho kwa nini anasema hatasema neno tena. Hana sababu! Hiyo ndiyo sura ya shetani, ubaya usio na sababu.

#24 Ticha_Chavakali
Mama Tumaini hapo tutakorofishana kidogo, sababu anazo, tena nyingi mno. Cassio amepewa cheo yeye akarukwa, hiyo anaisema mapema kabisa. Halafu anasema amesikia fununu kwamba Othello amelala na mkewe. Baadaye anamshuku hata Cassio. Coleridge, yule mshairi na mhakiki wa Kiingereza, ndiye aliyeona kwamba jamaa anatafuta sababu kwa ubaya aliokuwa nao tayari. Mimi naona ni mtu wa kawaida kabisa wa ofisini aliyekosa promosheni. Stafurumu yetu, shule siitaji, nimewahi kuona mtu akiharibiwa jina kwa chupa moja ya thamosi iliyopotea.

Lakini kitu kikubwa kwenye Othello mmekiruka, na kinamrudia Jakano na mkewe. Nani anafichua Iago? Emilia, mkewe Iago. Ndiye aliyeokota hiyo hanchifu akampa mumewe. Mwisho anapoelewa, Iago anamwambia nyamaza nenda nyumbani, yeye anasema nitanena. Anatoa siri ya mume mbele ya watu wote, na mume anamuua. Sisi darasani wote tunampigia makofi Emilia. Kwa hivyo "ukishakula kwa mtu siri yake ni yako" haiwezi kusimama hivyo ilivyo. Siri ya nani, na ikifichwa inaua nani? Mke wa Luanda akinyamaza, vijana wa kwao wanaendelea kufa kila vita.

#25 JakanoHalisi
Nimemsomea mke wangu hiyo ya Emilia. Amesema Iago alikuwa muuaji, Luanda alikuwa mgonjwa, msimchanganye. Halafu amesema nipunguze simu nile.

#26 NyarGwassi
Mpe mkeo salamu zangu. Ako sawa.

#27 BintiTinderet
Luanda alikuwa mgonjwa siku hiyo moja. Siku zingine zote alikuwa anaua watu ambao hawawezi kumuua. Huo ni ushujaa gani? Mtu wa jiwe anapigana na mtu wa nyama. Waliokimbia mbele yake walikuwa na mama zao.

#28 fundi_wa_simu
Kwa hivyo sasa Luanda ndiye mbaya? Huu uzi unaenda kasi.

#29 Wakili_mtaani
Mnamsahau mtu wa tatu. Nani alimtuma msichana? Wazee wa kwao. Hakuna mahali kwenye stori anaulizwa kama anataka kuolewa na mtu wa jiwe. Wanampeleka kama mbuzi wa kafara, akifaulu sifa ni zao, akishindwa atauawa yeye. Na upande wa pili wazee wa Kano walijua ni mtego, wakaonya, lakini walikula hiyo harusi. Mbaya kwangu ni hao waliokaa chini ya mti, ambao hata majina yao hayako.

#30 Mama_Tumaini
Shaaban Robert aliturahisishia maisha bana. Adili na Nduguze, unasikia tu Adili, unasikia Hasidi na Mwivu, kazi imekwisha kabla ya ukurasa wa kwanza. Wanamtosa kaka baharini, wanageuzwa manyani, na Adili analazimika kuwachapa kila usiku huku analia.

#31 SafariNjema
Hapo hapo dada. Mbona analia? Majina yanasema mmoja mwema wawili waovu, lakini picha unayobaki nayo ni mtu mwema ameshika kiboko usiku anawapiga ndugu zake, kisha anakula nao sahani moja. Mimi tangu shule ya msingi picha hiyo hainitoki. Na mwishoni wanasamehewa wanarudi kuwa watu. Hasidi anabaki na jina lake lakini si nyani tena.

#32 IngweDamu
Kwetu mambo ni rahisi, mbaya ni linani, lile zimwi. Nyanya alikuwa akitusimulia, linani linameza kijiji chote, halina sababu halina mama halijakosa promosheni. Mwisho linakatwa kidole kidogo watu wote wanatoka wazima na ng'ombe wao. Hakuna wakili wa linani. Nikikumbuka hivyo vile tulikuwa tunalala vizuri naona nyinyi mmesoma sana.

#33 Ticha_Chavakali
Tulilala vizuri? Mimi nilikuwa nakojoa kitandani kwa ajili ya linani mpaka darasa la tatu.

#34 fundi_wa_simu
😂😂😂 ticha huo ushuhuda ungebaki nao

#35 Mzee_Section58
Na Gor Mahia mnamweka wapi? Si timu ya mpira, mwenyewe, yule mganga wa Kanyamwa aliyekuwa akijigeuza mara mzee mara mnyama. Kwa wengine alikuwa mlinzi wao, kwa wengine alikuwa mchawi.

#36 IngweDamu
Timu na mwenyewe wote nguzo ya ubaya. Hiyo haihitaji homuweki.

#37 JakanoHalisi
Wewe Ingwe mechi ziko wapi, nyinyi hamwezi hata kudunga kivuli.

#38 fundi_wa_simu
Na swali la kando, hilo jiwe la Luanda nasikia watu walikuwa wakinoa mikuki hapo ili wapate bahati ya mawindo. Naweza kwenda kunoa kisu cha chipsi? Biashara imelala.

#39 Adimini
Utani wa kabila pole pole. Mpira ruhusa. Rudini kwa mada.

#40 NyarGwassi
Kwa mada basi. Wale wa Kisumu, mnakumbuka The River and the Source ya Margaret Ogola? Otieno Kembo, shemeji yake Akoko, mume akifa na vijana wakifa yeye anakalia kiti na mali ya mjane. Huyo ndiye mbaya ninayemjua mimi, namwona kila wiki wodini, amekuja na mamake kitandani na jamaa wa kiume wanaulizana cheti cha shamba kiko wapi. Hana mwili wa jiwe. Anakuita shemeji. Na Akoko anatembea kwa miguu mpaka Kisumu kwa sirikali ya mzungu kupata haki yake. Fikirieni hiyo, mwaka gani sirikali ya mkoloni ikawa upande mwema.

#41 Wakili_mtaani
Upande mwema kwa kesi hiyo moja. Sirikali hiyo hiyo ndiyo iliyomchukua mwanawe Obura vitani.

#42 NyarGwassi
Kweli. Nimekubali.

#43 JakanoHalisi
Wadau samahani nilipotea, nilikuwa nimekaa na mama. Nilimuuliza kitu BintiTinderet alisema kule juu, eti hadithi ingesimuliwa upande wa Kapsabet msichana angekuwa na wimbo. Nikamuuliza mama wimbo uko wapi, kwao walimwitaje huyo msichana.

Ameniangalia akacheka. Akasema kwao hakuwahi kusikia hiyo hadithi. Hata siku moja. Aliisikia mara ya kwanza hapa Kano, wiki ya kwanza ameolewa, jikoni, mamamkwe ndiye alimsimulia huku wanasonga ugali. Hadithi ilipoisha mamamkwe akamwambia, "Sasa umesikia." Basi. Miaka hamsini hakuwa amemwambia mtu. Na 2008, zile vurugu za baada ya uchaguzi, mnajua vile mpaka wetu ulikuwa, alikaa ndani wiki mbili na babangu amelala mlangoni, na anasema kuna jirani alipita akauliza kwa sauti, "Huyo wenu bado anachanja vivuli?"

Sikujua. Nimekua na hiyo hadithi maisha yangu yote nikiipenda.

#44 MchungajiKijana
Pole kwa mama. Mwambie tunamwombea.

#45 BintiTinderet
Basi nimeshindwa na hoja yangu mwenyewe. Nilidhani kwetu kuna wimbo. Mimi pia sasa nikijiuliza, niliisikia wapi? Niliisoma shuleni, kwenye kitabu. Kogo wangu, yaani nyanya, hakuwahi kuitaja.

#46 Ticha_Chavakali
Si lazima hoja ife, labda wimbo ulikuwepo ukapotea. Au labda haikuwa hadithi kuhusu Wanandi kamwe, ni jiwe tu lilikuwepo pale na watu wakahitaji kueleza limetoka wapi, na kila jiwe likitaka maelezo lazima mwanamke apatikane wa kulaumiwa. Mimi kesho nabadilisha ile kazi ya nguzo mbili, ingawa sijui nitaweka nini badala yake na mtihani bado unauliza hivyo hivyo.

#47 Mzee_Section58
Mama anaitwaje, mkwewe Luanda? Samahani, namaanisha yule mke. Jina.

#48 fundi_wa_simu
Nimesoma uzi wote tena. Delila, Yaeli, Emilia, Akoko, hata Alida. Yule wa Luanda hakuna mtu amemtaja jina.

#49 NyarGwassi
Mimi sijawahi kulisikia. Na mwanamke wa Nyamgondho pia simjui jina, mnanifanya niwaze usiku na nina shifti ya asubuhi.

#50 IngweDamu
@Jakano sasa kijana aliandika nini mwishowe?

#51 JakanoHalisi
Alifuta vile dani wake alimwambia. Halafu mamake akamwambia arudishe. Karatasi imetoboka hapo. Ameipeleka hivyo hivyo na shimo, mwalimu ameandika kwa biro nyekundu, "Rudia kazi."

#52 fundi_wa_simu
Wakati anarudia mwambie achukue sungura na fisi tulale.

#53 Mama_Tumaini
Fisi gani, wa porini ama hawa wa kutumia wadada meseji usiku wa manane?

#54 fundi_wa_simu
Mama Tumaini hiyo fungulia uzi wake.